Lori Juu ya Mizani

Kwang'! Kisha tena, kwang'! Eliezeri aliusikia mlio wa bamba la mizani likikanyagwa na malori kabla hajaiona Same yenyewe ndani ya mvua. Alikuwa akishuka na lori kutoka Mbaga, amepakia kahawa ya wanawake wa mlimani, nao wenyewe wamepanda humo.

"Usisimame!" Asheri, karani wa mizani, alipaza sauti kutoka kibandani. "Pita polepole, foleni ndefu!"

Eliezeri akapita. Mshale wa mizani ukaruka kama panzi, ukaangukia penye rangi nyekundu.

"Umezidisha. Shusha magunia matatu."

"Kwenye tope hili? Kahawa ikilowa nani ataipokea?"

"Sikuileta mimi mvua, ndugu."

"Wala mimi sikuipakia! Mbona umeipima?"

Mama Raheli, ambaye magunia ya juu yalikuwa jasho lake la mwaka mzima, alishuka na wenzake akasimama kando, kanga imegandamana mwilini. Eliezeri akarudi kinyumenyume hadi lori zima likakaa juu ya bamba, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni.

"Toa gari!"

"Sitoi. Lipime limesimama."

Honi zikalia nyuma. Swalehe, dereva wa lori la katani, akachungulia dirishani. "We Mpare! Umeoa hiyo mizani?"

"Ndiyo kwanza naposa! Zima injini, unamtetemesha mchumba!"

Swalehe akacheka, akazima. Wa nyuma yake naye akazima, na wa nyuma yake. Bamba likatulia. Mshale ukaacha kutetemeka, ila bado ulikuwa kwenye nyekundu, upana wa kidole.

"Umeona?" Asheri akasema. "Shusha."

Hapo Mama Raheli akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele wa msaragambo, ule unaoitoa kila nyumba mlimani na jembe lake kwenda kuchimba mfereji. Wanawake wakalivamia lori. Wakakwangua tope jekundu kwenye matairi na chini ya bodi, wakamwaga madimbwi yaliyolala juu ya turubai.

"Mnafanya nini?" Asheri akauliza.

"Tunashusha mvua yako, baba," Mama Raheli akajibu.

Mshale ukatoka kwenye nyekundu. Asheri akainua kizuizi kwa hasira. "Leo pita. Wiki ijayo mvua itakuwepo, na mimi nitakuwepo."

Mama Raheli akamgeukia Eliezeri. "Umesikia, mwanangu?"

Eliezeri akawasha gari, akatoa kichwa nje ili karani naye asikie. "Nimesikia, mama. Wiki ijayo nitasimama papa hapa, injini nimezima. Na nakuahidi, maadamu usukani ninao mimi, gunia lako halitalala kwenye tope!"