Mji Sitaki, Leteni Kichwa

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, nilikuwa nakaa mlangoni kwenye kiti changu cha plastiki, nabonyeza simu na kusema, "Kitendawili!" Nimo kwenye makundi matano: la mtaa, la ukoo, la wajukuu, la kina mama wa kushona, na la wenzangu tuliomaliza darasa la saba mwaka mmoja. Hilo la mwisho limebaki na watu tisa, na wawili kati yao masikio yameshastaafu. Wote walikuwa wananijibu, "Tega!" Wengine kwa maandishi, wengine kwa sauti iliyojaa usingizi. Wakishindwa hunipa mji, nami nautembelea kwa maneno, nala na kunywa huko, kisha nawapa jibu. Ndivyo nilivyopata jina la Bibi Tega, na sitaficha, jina lilinikaa vizuri.

Ubaya wangu ulikuwa ukarimu. Kikiingia chochote kwenye simu, maua ya kusalimiana, dua, dawa ya magoti, nilikisambaza kwa makundi yote matano. Nilijiambia ni kama chakula, huwezi kula peke yako watu wanakutazama.

Jumatatu moja ikaingia video. Miwani ilikuwa chumbani. Niliona gauni jeupe na mlango wa bluu, nikasema moyoni, hii ni ya afya, haikosi ni ya magoti. Nikaisambaza. Kisha nikatega kitendawili cha siku nikaenda kuchambua mchele.

Gauni lile jeupe lilikuwa la mkwe wangu.

Mkwe wangu ni muuguzi wa zahanati ya mtaa, na ndiye mkunga pekee tuliye naye. Mwanangu anaendesha lori, mwezi mzima utamwona siku tano, kwa hiyo nyumba ni ya sisi wawili na watoto. Miaka tisa tumepika jiko moja. Siku hiyo alirudi saa saba mchana, wakati kazi yake huisha jioni. Hakuvua hata viatu.

"Mama, simu yako iko wapi?"

"Kwenye chaji. Kwani vipi?"

"Ilete. Na miwani uvae."

Video ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Yeye amesimama kwenye mlango wa zahanati, mkono kwenye kitasa, sauti iko juu: "Rudini nyumbani! Leo hapa hakuna atakayezalishwa!" Basi, imeisha. Chini yake kuna maandishi makubwa: MUUGUZI AWAFUKUZA WAJAWAZITO. SAMBAZA.

"Nani huyu mwenye roho mbaya aliyeleta uchafu huu kundini?" nikafoka.

"Soma jina hapo juu, Mama."

Jina lilikuwa langu.

Nilitaka kukaa, kiti nikakikosa, nikashika meza. Akaniambia mengine taratibu, kama anavyowaambia wagonjwa habari mbaya. Mtaa mzima unayo. Watu wanasema, kama mama mkwe wake mwenyewe ameituma, sisi ni nani tubishe? Diwani ameiweka kwenye ukurasa wake, akaandika kwamba Alhamisi atakuja zahanati kuchukua hatua. Mkuu wa zahanati amemwambia asubiri nyumbani mpaka siku hiyo. Akikutwa na kosa atahamishwa mbali, na chumba cha kuzalishia kitafungwa, maana wa kumrithi hayupo.

"Mwanangu, sikujua ni wewe."

"Miaka tisa, Mama. Hukunitazama hata uso."

Nikauliza polepole, "Lakini uliyasema maneno hayo?"

"Niliyasema. Nikasema na mengine, ambayo hayamo. Ilikuwa Ijumaa, siku ya sita bomba la zahanati halitoi maji. Nimepeleka barua tatu ofisini. Nimpokee mtoto wa watu kwa mikono isiyonawa?" Akachukua sahani yake ya chakula, akaenda kulia chumbani. Hajawahi kufanya hivyo.

Nikaona dawa ni kufuta. Nikafuta kote. Kumbe ukifuta, simu inabaki inatangaza kwamba umefuta! Kinyozi wa kona, tunayemwita Ripota kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea, akaruka hewani: "Bibi Tega kanyang'anywa simu na mkwe!" Nikarekodi maelezo ya dakika nane. Nani atasikiliza dakika nane za bibi? Ripota akanijibu kwa sekunde tatu: "Bibi, mchuma janga hula na wa kwao." Watu wakaweka vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi.

Na alikuwa na haki. Janga nimelichuma kwa kidole changu, anayelila ni mke wa mwanangu.

Jumanne asubuhi sikutega. Mkwe wangu aliniamkia kwa adabu zote na asiongeze neno, na hakuna kimya kinachouma kama kile chenye adabu. Nikaenda jikoni kupara samaki. Nimemkata, mkia uko huku, kichwa kiko kule, nikasimama na kisu mkononi. Nikakumbuka sheria tuliyofundishwa na bibi yetu tukiwa wadogo, nami nikawarithisha wajukuu: usitege kitu ambacho jibu lake huna. Aliyetega bila jibu alikuwa anatolewa nje ya duara, anakaa peke yake mpaka mchezo uishe. Mimi, mwenye jina langu, nilikuwa nimetega bila jibu kwenye makundi matano.

Nikanawa mikono, nikachukua simu.

"Kitendawili!"

"Tega!" Hata wale walionicheka jana.

"Nimewagawia mkia, nanyi mnaapa kwamba macho yake yalikuwa mekundu."

Wakahangaika. Mmoja akasema treni, mwingine akasema mwezi. Mjukuu mmoja akasema ng'ombe, mwingine akamtukana kwa upendo. Ripota akasema kiluwiluwi. Mwenzangu wa darasa la saba akatuma sauti: "Sijasikia, rudia." Ilipofika adhuhuri wakaanza kunipa miji, kila mmoja na mji wake.

"Mji sitaki," nikasema. "Leteni kichwa. Jibu ni ile video niliyowatumia jana bila kuitazama. Nilidhani ni ya magoti. Mimi nimewapa mkia, ninyi mmeapa kuhusu macho. Aliyepiga video hiyo kwenye zahanati yetu lazima ni mmoja wetu, na kichwa anacho yeye. Mpaka kifike, sitegi tena."

Ujumbe huo ulikuwa wa sekunde thelathini. Nilikuwa nimejifunza.

Kutwa nzima hakuna aliyejibu. Lakini jioni shemeji mmoja alipoleta kwenye kundi la ukoo habari ya tunda linaloponya kisukari kwa siku mbili, mjukuu wangu wa kike akamwandikia, "Babu, jibu unalo, au umetega tu?" Nikacheka peke yangu. Shemeji amenuna mpaka leo.

Jumatano mchana nikasikia hodi. Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu, futi ya kupimia bado iko shingoni, macho yako chini.

"Bibi, kichwa ninacho mimi."

Nikamsogezea kigoda.

"Ijumaa nilimpeleka mdogo wangu, tumbo lilikuwa limeanza kumkata. Nikarekodi nimwonyeshe mume wangu kwa nini tumechelewa. Ikawa ndefu, na bando lilikuwa limebaki kidogo, nikakata kipande nikatuma hicho. Kile chenye kelele. Kilivyotoka kwa mume wangu kikafika wapi, sijui. Yale maandishi si yangu, Bibi, naapa."

"Nzima unayo?"

"Ninayo. Naogopa watasema mimi ndiye niliyemchoma."

"Mwanangu, kwenye foleni ya kusemwa mimi niko mbele yako, tena nimeziba njia kwa upana wangu huu. Wewe kaa nyuma."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwita mkwe wangu kutoka chumbani. Tukakaa watatu, kichwa kwa kichwa, simu katikati. Dakika mbili. Mwanzo ule ule wa kelele, halafu sauti inashuka: "Siku ya sita leo bomba halina hata tone. Nimeandika barua tatu. Siwezi kumpokea mtoto kwa mikono hii. Ninyi wawili ambao siku zenu bado, nendeni, namba yangu mnayo. Wewe mwenye uchungu usiondoke, gari nimeshaita, nakwenda na wewe." Kisha anaonekana anamvalisha yule binti ndara zake mwenyewe, kwa sababu za binti zilikatika, na anapanda naye garini bila viatu.

Mkwe wangu alimtazama fundi. "Ulikuwa na hii yote, ukanyamaza siku tatu?"

Fundi akafunika uso kwa ile futi.

Halafu mkwe wangu akauliza, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Kitovu kimeanguka?"

"Bado kidogo."

"Msikipake kitu. Kiacheni kikauke." Ndipo akanigeukia mimi. "Itumeni. Lakini Mama, kwanza useme wewe."

Nikasema. "Mimi Bibi Tega nilisambaza bila kutazama, nikamchafua mke wa mwanangu, nami naomba radhi kwake na kwenu. Kichwa hiki hapa. Tazameni mpaka mwisho." Fundi akaweka video yake chini ya sauti yangu, na jina lake, bila kujificha.

Alhamisi uwanja wa zahanati ulijaa. Waliokosa benchi walikaa kwenye ndoo walizopindua. Fundi akasimama kwenye kiti na simu juu, anarusha laivu. Mdogo wake alikuwa anatazama kutoka kitandani akinyonyesha. Mwanangu alikuwa ameegesha lori kando ya barabara, naye anatazama. Waliobaki kazini walikuwa wanaangalia chini ya meza, bosi asione.

Diwani alishuka garini na mpiga picha wake, akaanza moja kwa moja: "Wananchi wenzangu, hatutavumilia watumishi wanaowafukuza mama zetu!"

Nikainua mkono. Ningekosea hapo, mkwe wangu angefungasha.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" uwanja mzima. Diwani akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, yale yaliyokosekana zahanati.

"Mheshimiwa, ile video umeitazama yote?"

"Mama, nimeletewa taarifa."

"Hata mimi nililetewa. Jibu unalo, au umetega tu?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Ripota, ambaye tangu jana alikuwa anatafuta njia ya kutubu bila kusema neno samahani, akasimama na simu yake: "Mheshimiwa, kuna maswali yanaingia hapa. Mama wa yule mtoto anauliza, barua tatu ziko wapi? Kuna dereva wa lori anauliza hivyo hivyo. Kuna watu sitini na nne wanauliza hivyo hivyo."

Nimpe diwani haki yake. Hakukasirika. Aliomba simu ya fundi, akaitazama ile video amesimama palepale juani, dakika mbili zote, na uwanja ukamsubiri. Kisha akamgeukia ofisa aliyekuja naye. "Barua zilifika?"

"Zilifika, mheshimiwa."

"Zote tatu?"

Ofisa akatazama viatu vyake.

"Muuguzi arudi kazini leo," diwani akasema. "Na yale niliyoandika kwenye ukurasa wangu nitayaandika upya. Bomba, nipeni wiki mbili."

"Wiki mbili kuanzia lini?" mwenzangu wa darasa la saba akapaza sauti. Hayo aliyasikia.

Mkwe wangu akasimama mara ya kwanza. Akasema anashukuru, lakini chumba cha kuzalishia hatakifungua bila maji. Muuza matofali mmoja akamuuliza, "Dada, majumbani kwetu maji yapo. Mbona hukutuambia?"

"Niliandika ofisini."

"Ungeandika na kundini!"

Kabla watu hawajatawanyika kundi la mtaa lilikuwa limeshapanga zamu: kila nyumba ndoo mbili, kila asubuhi, mpaka bomba litoe. Chumba kikafunguliwa Ijumaa. Kundi hilo hilo lililotaka kukifunga, simu zile zile.

Na kuanzia siku hiyo, atakayepita zahanati wa kwanza asubuhi anapiga picha ya bomba na kuituma kwa diwani na kwetu sote. Kavu. Kavu. Kavu. Siku moja mjusi amelala juu yake, Ripota akaandika, "Naye yuko kwenye foleni." Aliyeandika yale maneno makubwa kwenye video hatukumjua, na najua iko mitaa ya mbali ambako mkia ule bado unazunguka bila kichwa. Hilo sina mji wa kulipia. Ila kundini kwetu, mtu akileta jambo la kushtua, wa kwanza kumjibu ni lazima amuulize, "Jibu unalo?"

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, simu ikalia. Ilikuwa video kutoka kwa mkwe wangu, ametuma kwangu peke yangu, na maneno machache: "Mama, itazame mpaka mwisho."

Nikaenda chumbani kuchukua miwani. Nikakaa kwenye kiti changu. Bomba lilikohoa, likatema maji ya kahawia kama chai, likakohoa tena, yakaanza kutoka meupe. Ikaingia mikono miwili na sabuni. Ikasuguliwa, kidole kwa kidole, mpaka viwiko, polepole. Sikuruka hata sekunde moja. Mwishoni uso wake ukajaa kwenye kioo, anacheka, maji yamemrukia kwenye nyusi.

"Umefika mwisho, Mama? Haya, sasa sambaza."

Nikaitazama mara ya pili kwa uhakika, ndipo nikaituma kwa makundi yote matano. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele vya kila aina. Kwenye kundi la darasa la saba mwenzangu mmoja akaandika, "Ahsante sana. Hii ni dawa ya magoti?"

Nikamjibu avae miwani.