Vanishi Mgongoni mwa Mpangaji

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, jani la kabichi la jana lilikuwa bado juu ya kigae cha jikoni, zima, limenyauka pembeni. Kobe alikuwa hatua moja kutoka hapo, chini ya meza, kichwa ndani.

Mwanamke aliyemkuta alikuwa mshona mapazia. Kobe alikuwa wa mama yake, na aliitwa Mpangaji kwa sababu alikuwa amekaa miaka kumi na tisa bila kulipa kodi. Mama alikuwa hospitali kwa upasuaji wa macho. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Mpangaji kwa mkwewe, mume wa mshonaji, kwa maneno machache: "Jua, maji, majani. Basi, baba." Angerudi Jumamosi.

Mshonaji alimwinua kobe. Gamba liling'aa kama kabati jipya. Alilinusa.

"Baba watoto, hebu njoo."

Mumewe alikuja na kikombe mkononi. Alikuwa fundi samani, na kwa miaka thelathini na moja kazi yake hasa ilikuwa ya kumalizia: msasa, kuziba nyufa, vanishi.

"Umempaka nini huyu?"

"Vanishi. Alhamisi, mara mbili. Gamba lilikuwa limepauka, nikaona aibu mama aje amkute amechakaa mikononi mwangu. Msasa sikupiga, nilimwonea huruma."

"Huruma. Huyu si stuli, mume wangu."

"Najua si stuli. Stuli haikimbii brashi."

Mkewe hakucheka. "Ameacha kula tangu lini?"

"Ijumaa aliacha nusu. Jumamosi hakugusa kitu. Nikadhani ni majonzi ya kumkosa mama."

Saa nne walikuwa kwa daktari wa mifugo. Daktari alizoea ng'ombe na mbwa. Alifungua kitabu kwanza, akasoma kurasa mbili, ndipo akazungumza.

"Gamba si kasha. Ni mwili wake. Lina damu, lina mishipa ya fahamu, na linahitaji jua. Ninyi mmelifunika. Tena harufu ya vanishi hutulia chini, palepale pua yake ilipo."

"Nina thina ya kuyeyushia rangi karakana," fundi alisema. "Dakika tano vanishi imetoka yote."

"Ukimpaka thina, chimba kaburi kwanza, usije ukahangaika baadaye."

Maagizo yalikuwa manne. Alowekwe kwenye maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu, dakika ishirini. Akwanguliwe kwa kijiti cha mti laini, kamwe si chuma. Jua la asubuhi, pawepo na kivuli cha kukimbilia. Asipokula hadi Jumamosi jioni, arudishwe alishwe kwa mpira wa kupitishwa kooni.

Fundi alifunga karakana. Alichonga vijiti sita, akavaa miwani, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kobe akiwa juu ya taulo mapajani. Mgongo wa kobe una vipande vikubwa kumi na vitatu. Siku ya kwanza alisafisha viwili. Vanishi ilibanduka kwa maganda membamba kama ya kitunguu, na kila kijiti kilipochoma sana, Mpangaji alivuta miguu ndani, na fundi akasimama hadi miguu itoke tena.

"Mimi hujawahi kunishughulikia hivyo," mkewe alisema Alhamisi, akimletea maji mapya. Vipande safi vilikuwa vimefika tisa.

"Wewe sijawahi kukuharibu."

"Una hakika?"

Fundi alibandua ganda jingine. "Mama nitamwambia nini?"

"Usimwambie. Jumamosi utakuwa umemaliza, na jicho lake moja litakuwa limefungwa, lingine linaona ukungu."

"Vidole vyake havijafungwa."

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, mama mkwe aliingia akishikwa mkono na bintiye, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango wa nyuma. Vipande kumi na viwili vilikuwa safi, cha kumi na tatu nusu. Kobe alikuwa hajala siku nane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nipe mwenzangu."

Fundi hakumpa. "Mama, kabla hujamshika. Nilimpaka vanishi. Nilitaka umkute anang'aa. Imekaribia kwisha, ila kobe hali kitu. Jioni hii tunamrudisha kwa daktari."

Mama mkwe alinyoosha mikono yote miwili na kuiacha hapo hadi kobe alipowekwa. Alipitisha kidole gumba toka shingoni kuelekea mkiani, kipande baada ya kipande. Karibu na mkia kidole kilisimama.

"Hapa."

"Ndiyo, mama. Hapo bado."

"Kwingine hakuna mkwaruzo hata mmoja."

"Hakuna."

"Kijiti kiko wapi?"

"Ninacho."

"Basi maliza. Mimi namshika." Alimgeuza kobe kichwa kikamwelekea yeye. "Na siku nikilala hospitali tena, usinitengenezee kitu."

Fundi alipiga magoti sakafuni, akakwangua. Ganda la mwisho lilitoka saa kumi na dakika tano. Mshonaji alimpa mama yake jani jipya la kabichi, naye akalishika mbele ya kobe bila kulitikisa.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili, Mpangaji alitoa kichwa, akakata pembe ya jani, kipande cha upana wa ukucha, akameza.