Mikono ya Polenta

Madam Hessa alirudi nyumbani kwake Al-Naseem, Riyadh, baada ya wiki mbili katika jimbo la Veneto, Italia. Alirudi na maumivu ya shingo, maana huko makanisa yamechorwa mpaka darini. Ijumaa iliyofuata alimwalika mwalimu wake wa uchoraji, Ornella, mzaliwa wa jimbo hilohilo anayeishi Jeddah.

“Risper,” alimwambia mpishi wake, “leo utapika polenta. Ni chakula kigumu. Fuata video.”

Risper, mwenyeji wa Webuye, aliitazama video kwa adabu. Mzee mmoja alichemsha maji, akamimina unga wa mahindi ya njano, akasonga dakika arobaini.

“Umeelewa?”

“Nimeelewa, madam.”

Ornella alipoingia jikoni alimkuta Risper amejifunga leso, mkono mmoja umekaba sufuria, mwingine unageuza unga. Akatoa daftari na penseli.

“Tafadhali usisimame.”

“Nikisimama itaungua.”

Mezani Ornella alimaliza sahani mbili, akafuta macho. Nyanya yake, alisema, alikuwa akisonga vivyo hivyo.

“Ulijifunzia wapi?” madam akauliza.

“Kwa mama.”

“Mama yako alikaa Italia?”

“Mama hajafika hata Eldoret, madam.”

Miezi mitatu baadaye madam alisafiri na Risper hadi Jeddah kwenye maonyesho ya Ornella. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya mikono miwili, sufuria ya polenta na mvuke. Chini yake palikuwa na kikaratasi: *Mwanamke wa Veneto*.

Risper alikisoma mara mbili. Kwa miaka mitano hakuwa amebishana na mtu yeyote katika nchi hii; sasa alimgeukia Ornella.

“Madam Ornella, hii ni mikono yangu.”

“Ndiyo.”

“Na mimi si wa Veneto.”

Masikio ya Ornella yakawa mekundu. Aliomba radhi mbele ya wageni, akaazima kalamu, akafuta maneno yale kwa mstari mmoja, akaandika: *Risper Nekesa, Webuye*.

“Halas, basi,” alisema madam Hessa. “Risper, simama hapo.” Akampiga picha kando ya mchoro. Wageni wakaja kumshika mkono, mmoja mmoja, na Risper akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Jioni hiyo akaituma picha nyumbani. Mama yake alijibu upesi:

“Nimeona. Umependeza. Lakini mbona unga ni wa njano? Huko nako mnapewa wa msaada wa njaa?”