Mkorosho Kwenye Shamba la Watu

Siku hiyo uji uliungua pale Mkunya, kijiji cha Newala, na aliyeuunguza ni Winfrida, mwanamke ambaye tangu aolewe mpaka akafiwa na mume hajawahi kuunguza hata maharage. Alisimama jikoni, mwiko mkono huu, simu mkono ule, anasoma maneno ya watu asiowajua wa nchi asiyoijua: ukurasa wako umefungwa, umekiuka taratibu, una vitisho na lugha ya chuki.

Chuki! Ukurasa wenyewe ulikuwa wa ming'oko.

Ming'oko ni mizizi ya porini, na mtu wa Newala akiiota ugenini huamka anameza mate. Mama yake Winfrida, Bibi Severina, anavijua vyakula vyote vya pori la huku juu: cha kuchimba, cha kuchuma, cha kula njaa ikibisha hodi, na kile kinachoua ukikipika kwa haraka. Lakini masika yaliyopita bibi aliugua, na sauti ikabaki ya kuokotaokota. Husema kidogo, hupumzika, husema kidogo. Ndipo Winfrida akaanza kuandika yale anayosema mama na kuyaweka mtandaoni, ili mwanawe Alfredi aliyeko Dar na wajukuu waliotawanyika mpaka Msumbiji wayasome bibi akiwa bado hai wa kuulizwa. Aliyaweka pale wanapowekea watu picha za harusi na matangazo ya viatu. Hakuuliza kwa nini pale. Watu wote wako pale, basi naye akaenda pale.

Aliyeleta balaa ni Sultani. Huyu ni fundi cherehani wa Masasi, Myao, na Winfrida ni Mmakonde. Hao ni watani tangu kwa babu zao, na mtani haombwi adabu. Hata msibani kwako atakuja akuchekeshe machozi yakiwa bado shavuni. Basi kila Winfrida akiandika, Sultani alimjibu hapo hapo mbele za watu. Juzi aliandika: "Nyie wala panya, nakuja na kiberiti niwachome wote, muive pamoja na ming'oko yenu!" Naye Winfrida akajibu: "Njoo. Kaburi lako nimeshalichimba, fupi kama wewe." Watu walicheka kutoka Newala mpaka Tunduru. Lakini mashine inayolinda mlango wa kule haina mtani. Ilisoma moto, ikasoma kaburi, ikafunga. Winfrida alipoandika kujieleza, alijibiwa na mashine ile ile.

Akatoka nje. Bibi Severina alikuwa anaota jua, amejitanda kanga mbili kwa baridi ya mwezi wa sita.

"Mama, yale maneno yamepotea. Naomba unisimulie tena, polepole tu."

Bibi hakugeuka. "Uliyapanda kwa nani?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni ni shamba la nani?"

Jambo lenyewe huku hata mtoto analijua. Ukiazimwa shamba, panda muhogo, panda mbaazi, vuna, shukuru, ondoka. Mkorosho hupandi. Mkorosho unaishi kuliko mtu, na siku mwenye shamba akilitaka shamba lake huwezi kuubeba mgongoni.

"Umepanda mikorosho yangu kwa watu," bibi alisema, akapumzika. "Pumzi yenyewe ndiyo hii. Sisemi tena mpaka unionyeshe shamba."

Akafunga mdomo, na kweli akaufunga. Jioni Winfrida alimzungukia kwa hila, akamuuliza habari ya ile mizizi michungu, inalowekwaje isiue mtu. Bibi akatazama kuku.

Kesho yake Winfrida akateremka Masasi kugombana.

Alimkuta Sultani barazani kwake, anapinda suruali ya mtu.

"Karibu, mla panya! Umekuja kunizika?"

Winfrida hakucheka. Mtani asipocheka, ujue kuna jambo. Sultani akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Nani amekufa?"

"Umeua maneno ya mama yangu," Winfrida alisema, akamweleza yote: mashine, kaburi, na bibi aliyefunga mdomo.

Sultani akashika kichwa. "Kwa kiberiti kile? Mama Alfredi, wallahi mimi hata sigara sivuti!"

"Kaiambie mashine."

Sultani akainamia cherehani. Kisha Winfrida akaona mabega yanamtikisika, akadhani analia, kumbe anazuia kicheko.

"Usinipige," alisema, akatoa simu. "Nina kosa jingine."

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kila Winfrida alipoandika, Sultani aliyanakili maneno yote na kuyarusha kwenye kundi lake la wasapu, kundi la ndugu zake waliojiita Sisi Tunakula Nyama, ili wamcheke vizuri. Yalikuwemo yote, la kwanza mpaka la mwisho, na chini ya kila moja msururu wa masimango.

"Yote?"

"Yote. Mpaka lile la uyoga wa kichuguuni. Lile mjomba wangu wa Tunduru alilisimanga mchana, jioni akaingia porini na kikapu, tusimwone."

Winfrida akageuka kutazama nguo zilizotundikwa ukutani. Alizitazama moja moja kama mnunuzi, mpaka macho yalipokauka.

"Bado una faini," alisema.

"Itaje."

"Unapanda nami Newala. Na simu hiyo unaibeba kama yai."

Newala mjini walikwenda kwa Faudhia, binti mwenye duka la fotokopi, ambaye vijana wa huko humwendea wakitaka kuomba kazi mtandaoni na wazee wakishindwa na simu zao.

"Shikamoo, Mama Alfredi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kufungua blogu. Na safari hii nataka kuuliza kwanza."

Faudhia alifurahi, akawavutia viti, akageuza kioo cha kompyuta. Alianza na pazuri kuliko pote: unanunua jina lako mwenyewe, unalipia kila mwaka, unajenga unavyotaka.

"Nisipolipa mwaka mmoja?"

"Panazimika."

"Na nikifa?"

Faudhia akajikuna. "Labda mwanao alipie."

"Hilo ni shamba langu kweli, lakini lataka jembe kila mwaka. Mimi kushika jembe lenyewe ndiyo najifunza. Tuliache, nitalirudia."

"Na jembe lenyewe fupi," Sultani alisema.

Hapo Faudhia akafungua pa pili. Pana mapambo, pana rangi, ni pa bure, na wenyewe hukutafutia wasomaji. Pa tatu palikuwa pa bure pia, lakini pakavu kama daftari la shule, na jina lako lina mkia wa jina la mwenye nyumba. Faudhia alikuwa ameshaanza kurudi kwenye pa pili, kidole kinachagua rangi.

"Ngoja," Winfrida alisema. "Nikitaka kuhama, natoka na nini?"

"Kuhama? Mama, hata hujahamia!"

"Ndiyo wakati wa kuuliza. Ukishapanda, utauliza nini?"

Faudhia akaacha rangi. Amewafungulia watu wengi, nao humuuliza habari za picha, na hela zitaanza kuingia lini. Habari ya kutoka hajawahi kuulizwa. Akaingia kutafuta, anasoma midomo ikicheza. Kule kwenye mapambo hakuona njia, ila kunakili kipande kwa kipande, na picha zako uzitafute mwenyewe. Kule kwenye daftari la shule akakuta mahali unapobonyeza, na kila ulichoandika kinakuja kwako kama furushi moja.

"Na furushi hilo linapandika kwingine?"

"Wanasema linapandika."

"Wanasema! Hata wale wengine walisema mengi. Jaribu tuone."

Basi Faudhia akafungua blogu ya majaribio. Akauliza aandike nini. Winfrida akamwambia, naye akaandika: Sultani ni mfupi. Akabonyeza, furushi likashuka. Akaifuta blogu ile mbele ya macho yao, ikawa haipo. Akafungua nyingine mahali pengine kabisa, akaweka furushi, wakasubiri, na mtandao wa Newala siku hiyo ulikuwa unatembea kwa magongo. Sultani akaanza kuomba lisifike. Hatimaye kioo kikajaa, na pale juu, herufi nzima nzima: Sultani ni mfupi.

Winfrida akapiga kigelegele, mpaka watu wa stendi wakachungulia.

"Mti umetoka na mizizi yake," alisema. "Nifungulie hapo hapo pakavu."

Faudhia akamwonyesha na kingine: maoni ya watu yanaweza kusubiri nje mpaka mwenye blogu ayaruhusu.

"Mimi mtani wako nipige hodi?" Sultani alilalamika.

"Wewe hasa."

Walifika Mkunya jua likiwa bado juu. Bibi Severina alimtazama Sultani toka kofia mpaka kandambili. Winfrida akachuchumaa mbele yake.

"Mama, maneno yako yamepatikana. Na shamba nimepata. Sikufichi, bado ni la watu, la kwangu mwenyewe sijaliweza. Lakini mwenye shamba huyu ameniruhusu kung'oa, na nimejaribu kwa macho yangu, mti unatoka mzima. Na kila nikipanda, mche mmoja namtumia Alfredi, akae nao."

Bibi akafikiri. Wakamwacha afikiri.

"Huyu mfupi amefuata nini?"

"Faini yake, mama. Atasoma yale yaliyopotea, uhakikishe ni yako."

Sultani akavua kofia, akasoma. Alisoma vizuri, bila mzaha, habari ya ming'oko, habari ya mabibo makavu, habari ya uyoga. Bibi alisikiliza kama mtu anayehesabiwa kuku wake. La mwisho lilikuwa lile la mizizi michungu, ambalo lilikatika katikati kwa sababu siku ile bibi alichoka. Sultani alifika pale lilipokatika, akatazama juu, akaona yule mzee amefumba macho na mdomo. Utani ukamshinda.

"Kisha," alisema kwa sauti ile ile ya kusoma, "unamwonjesha Mmakonde kwanza. Akipona, Wayao mnakula."

Winfrida alitaka ardhi immeze. Ndipo mabega ya bibi yakaanza kutikisika chini ya zile kanga mbili, akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Mwongo mkubwa!" alisema. "Kuku ndiye aliyeonjeshwa. Mmakonde ni ghali. Sikiliza, mfupi. Unaimenya, unaikata nyembamba, nyembamba kama jani. Huku juu hakuna maji ya kuchezea, basi tulikuwa tunateremka nayo bondeni, mchana wa kwanza, wa pili..."

Winfrida akakaa chini na simu, vidole vikikimbizana na maneno ya mama. Bibi akipumzika, naye alipumzika. Lilipoisha lote, na kuku ameonja na hakufa, akalipanda kwenye blogu pamoja na wenzake wa kwenye simu ya Sultani, akafunga furushi akamtumia Alfredi.

Simu ikalia. Mtu yuko nje ya mlango wa blogu, anasubiri. Ni mjomba wa Tunduru. Sultani alikuwa amekwisha kulitangazia kundi zima pa kwenda. Ameandika maneno machache: Hodi hapo, ule uyoga, mwenzenu naupika mpaka lini?

Winfrida akamsomea mama.

"Mfungulie," alisema Bibi Severina. "Mwambie aingie, akae. Namjibu sasa hivi."