Juzuu ya Kumi na Saba

Kisa hiki ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Msimulizi anaapa kwa macho yake mawili, hili zima na hili lenye mtoto wa jicho. Ameahidi mbele ya baraza nzima ya Kiponda kwamba akikamatwa na uongo, hata wa ukubwa wa kokwa ya tende, kahawa ya jioni hiyo ni juu yake. Tena yeye mwenyewe hayumo humu. Alisikia tu.

Palikuwa na mtu, tumwite Mmanga, mstaafu wa upimaji ardhi. Miaka thelathini na tano alivuta utepe kisiwani hapa, kaskazini mpaka kusini. Aliwahi kupima kiwanja Chukwani kikawa kirefu zaidi asubuhi kuliko jioni, na akavitia sahihi vipimo vyote viwili. Kazi hiyo ilimzoesha kuamini kitu baada ya kukifikia kwa utepe, na labda ndiyo iliyomharibu.

Maana Mmanga hakuwa na imani. Haikumtoka kwa kishindo. Ilimtoka kama sukari inavyomtoka mtu kwenye chai: vijiko viwili, baadaye kimoja, mara siku moja anajikuta anakunywa kavu na hakumbuki lini alianza. Hakumwambia mtu. Ijumaa alivaa kanzu na kofia akaenda kusimama safuni, kwa sababu kutokwenda kunataka maelezo na kwenda hakutaki. Ramadhani alishinda midomo mikavu kama wenzake, ila saa saba mchana aliingia chooni, akafungua bomba kwa nguvu, akanywa maji kwa bilauri ya plastiki aliyoificha nyuma ya ndoo. Akitoka anajifuta mdomo na kulalamika joto.

Wala hakuwa na ugomvi na Mungu. Mtu hagombani na asiyekuwepo. Kilichomchosha ni watu. Fundi bomba kamwambia "inshallah kesho", na wiki ya tatu sasa maji yanachuruzika ukutani. Muuza simu kala kiapo kwa majina yote matukufu kwamba kioo hakijapasuka, na kidole cha Mmanga kipo juu ya mpasuko. Binti yake, Faiza, kila alfajiri anamtumia dua kwenye simu na onyo la kuituma kwa watu kumi kabla ya jua kuzama. Alipougua presha, jirani alimletea maji ya kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa marashi, akasimama mlangoni mpaka ayamalize. Yalikuwa na ladha nzuri, lazima aseme kweli. Lakini alipopona sifa zikaenda kwa kombe, na vidonge vya hospitali havikutajwa na mtu. Mambo madogo hayo. Ndiyo yanayomchosha mtu, kama kokoto kiatuni.

Mtu mmoja tu alikuwa akijua: Ubwa, fundi wa kujalidi vitabu, rafiki yake tangu chuo cha Kurani walipokuwa wakichapwa bakora moja. Walikuwa vijana siku Mmanga alipopelekwa Kizimkazi kupima, na Ubwa akafuatana naye kwa matembezi. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mbele ya ule msikiti wa kale, Mmanga akabaki amesimama na utepe wake.

"Huingii?" Ubwa akauliza.

"Ubwa, mimi siamini tena. Nna muda sasa."

Ubwa akavua viatu, akamtia mkononi.

"Basi nishikie viatu," akasema, akaingia kusali.

Hawakulizungumza tena. Miaka arobaini.

Ubwa amekufa mwaka huu. Figo, miaka miwili ya kuvimba miguu. Siku ya arobaini ikasomwa hitma nyumbani kwake, Kiponda hapa hapa. Hitma, kwa jicho la mpima, ni kama kupima shamba kubwa: msahafu mzima hugawiwa vipande thelathini, kila mtu anachukua juzuu yake, na kwa muda wa saa moja kazi yote imekwisha na thawabu zimepelekewa marehemu. Kipande kimoja kikirukwa, shamba halikupimika.

Mmanga alikwenda kama alivyokwenda kwenye hitma zote. Akachukua juzuu ya kumi na saba, akakaa pembeni. Kwenye hitma hakuwa akienda na miwani. Alishagundua zamani kwamba bila miwani maandishi ni sisimizi tu, na mtu hawezi kushitakiwa kwa kutosoma sisimizi. Akafungua, akaichezesha midomo, akawa anafunua ukurasa mmoja kila dakika tatu kwa kufuata saa ya ukutani. Jalada lilikuwa kazi ya Ubwa. Lilinuka gundi yake, ile aliyokuwa akiipika mwenyewe kwa unga na ndimu. Saa nzima Mmanga alimfikiria Ubwa, na hakusoma hata herufi.

Kesho yake, baada ya alasiri, Miraji mtoto wa Ubwa, mtu mzima mwenye wake na wanawe, akaja mlangoni kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Miraji. Kwema?"

"Kwema. Mama anakwita. Kasema uje na miwani."

Bi Wanu, mjane wa Ubwa, alikuwa amekaa eda, hatoki wala haonani na wanaume wa nje. Miraji akamkalisha Mmanga mkekani ukumbini, mbele ya mlango wenye pazia, kisha akatoka akakaa kibarazani. Mkekani palikuwa na juzuu ya kumi na saba.

"Karibu, shemegi," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Miwani unayo?"

"Nnayo."

"Jana ulisoma juzuu gani?"

"Hii hii. Ya kumi na saba."

"Yote?"

"Yote, Bi Wanu. Mpaka mwisho."

"Na hukuona kitu?"

"Kitu gani? Nimeona maneno mazito tu."

Pazia likacheka, kicheko kifupi kama kikohozi.

"Miraji alipita na mrashi kuwatia watu marashi. Anasema ulikuwa umeishika sawasawa kabisa."

"Sasa hilo nalo kosa?"

"Ndiyo kosa lenyewe. Juzuu hiyo haishikwi sawasawa. Marehemu aliijalidi kichwa chini, siku hiyo nimejifungua Miraji akili haiko naye. Hakutaka kuifumua. Anayeisoma lazima ageuze jalada juu chini. Wanangu wakiigombania, maana ukiisoma waonekana kama mwehu. Wewe umekaa nayo saa nzima maandishi yamesimama kwa kichwa."

Mmanga akaichukua, akavaa miwani, akafungua. Kweli. Sisimizi wote walikuwa chali.

"Unajua, shemegi," akaanza, na hapa msimulizi anakiri jamaa alijitahidi, "kule chuoni tulikuwa watoto ishirini, msahafu mmoja, nao uko mbele ya mwalimu. Mimi nikikaa upande wa pili. Nimejifunza kusoma kichwa chini tangu alifu. Mpaka leo ukinigeuzia sawasawa napotea. Hata ramani kazini—"

"Mmanga."

"Naam."

"Hiyo kaipeleke barazani."

Akaishusha juzuu mapajani. Ukutani feni ilikuwa inageuza shingo huku na huku.

"Nnajua huamini," Bi Wanu akasema. "Nnajua tangu Kizimkazi. Kanambia siku ile ile mliporudi. Sikukwita kwa hilo. Nakuuliza: miaka yote hiyo unayokwenda kwenye hitma za watu, unachukua juzuu, unafunua kurasa. Unadhani zako nani alikuwa akizisoma?"

Mmanga hakuwa amewahi kudhani chochote.

"Marehemu akirudi hapa anakaa papo hapo ulipokaa. Namwambia njoo ule. Ananambia ngoja, nimsomee Mmanga yake, maiti wa watu asije akapungukiwa. Kila hitma. Hakupata kukwambia?"

"Hakupata."

"Basi na mimi nisingekwambia. Lakini safari hii iliyorukwa ni ya kwake mwenyewe. Na yeye hayupo wa kuisoma."

Mmanga akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, ingawa ilikuwa safi.

"Miraji si yupo? Wewe mwenyewe, Bi Wanu, unasoma kuliko sisi sote."

"Nnaweza. Lakini uliichukua wewe, kwa mkono wako, mbele ya watu. Ungeikataa ningempa mwengine. Tangu jana silali, Mmanga. Nna miezi mitatu mingine ya kukaa humu ndani. Sina jengine ninaloweza kumfanyia isipokuwa hilo litimie."

"Nikisoma mimi si itakuwa kelele tu? Mimi siamini kama inafika popote."

"Sijakuuliza kama inafika. Nimekuuliza kama utasoma."

Angeweza kuondoka. Alikuwa na hoja zake, amezipanga miaka arobaini bila kumpa mtu, nzuri moja moja. Angeweza kumwambia kwamba aliyekufa hasikii, na kwamba yeye amechoka kuwachezea watu midomo, amechoka mpaka kwenye mifupa. Lakini alitazama mkeka. Upande aliokalia ulikuwa umechakaa, ukindu umekuwa mweusi na laini kwa magoti ya mtu mmoja. Huyo mtu alikuwa na njaa, chakula kinapoa, naye anamsomea rafiki yake aliyelala usingizi wake nyumbani. Hakumsema. Hakumwombea hata aongoke, au kama aliomba, aliomba kimyakimya.

Mmanga akageuza jalada juu chini kama mwehu, akavaa miwani, akaanza.

Haikuwa sauti nzuri. Mstari wa kwanza alijikwaa mara tatu.

"Vuta sauti hapo," pazia likasema.

Akavuta.

"Umevuta mno. Si king'ora hicho."

"Bi Wanu, mimi nna miaka sabini na moja."

"Basi vuta kama mtu wa miaka sabini na moja. Rudia."

Akarudia. Ukurasa wa tatu ulimi ukaanza kukumbuka wenyewe, bila ya ruhusa yake, na bakora ikarudi pamoja nao, na Ubwa wa miaka minane aliyekuwa akimnong'oneza neno linalofuata. Koo likakauka. Bilauri ya maji ikasukumwa chini ya pazia kwa mkono usioonekana. Akainywa waziwazi, akaendelea. Kazi ya saa moja ilimchukua mpaka jua likaingia dirisha la magharibi.

Alipofunga juzuu, akangoja aone kama kitatokea kitu. Hakikutokea. Feni iligeuza shingo. Hakuwa ameamini hata chembe zaidi ya alivyoamini mchana. Ila nyuma ya pazia alisikia mwanamke akipenga kamasi, kisha akinyanyuka, kisha nyayo zikienda jikoni kwa wepesi ambao hazikuwa nao alipoingia. Hilo alilisikia kwa masikio yake. Hilo lingefikiwa na utepe.

"Nimetia chai," sauti ikatoka mbali. "Sukari?"

"Kavu, shemegi."

Msimulizi alipofika hapo akakoma, akatupa macho juu ya ukuta wa jirani kama mtu aliyemaliza kazi ya watu. Pale barazani Kheir, mzee wa Kitumbatu aliyeacha bahari kwa ajili ya magoti, akakohoa.

"Swali moja tu," akasema. "Hiyo bilauri ya plastiki nyuma ya ndoo. Nani kakwambia?"

"Mambo hayo yanasikika, Kheir. Mji mdogo huu."

"Chooni? Na bomba likiwa wazi?"

Mtu mmoja akaguna. Msimulizi akatazama ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu.

"Na mimi tangu mwanzo nikajiuliza," Kheir akaendelea taratibu, "mtu mzima ana mambo mengi ya kuapia, Mungu wa kwanza. Huyu kaapa kwa mtoto wa jicho. Tena kasema yeye hayumo."

Miaka arobaini msimulizi aliiogopa dakika hiyo, na ilipofika alijikuta hana nguvu hata za kutunga jengine. Akatia mkono mfukoni, akamwita muuza kahawa.

"Wape wote," akasema.

"Na kashata," Kheir akaongeza.

"Kashata hatukuahidiana."

"Uongo wako umezidi kokwa ya tende. Na kashata."

Akalipia na kashata. Wakanywa, wakatafuna, mtu mmoja akauliza bei ya pweza. Adhana ya magharibi ikatoka msikiti wa karibu, ikajibiwa na wa pili na wa tatu. Watu wakanyanyuka wakikung'uta kanzu. Msimulizi naye, kwa mazoea, akaanza kupapasa kofia yake.

Kheir akamwekea mkono begani.

"Wewe kaa," akasema. "Vikombe vya watu hivi, nani atavilinda?"

Msimulizi akakaa. Vikombe vilikuwa tisa, na hilo nalo ni kweli tupu.