Mguu wa Mbuzi wa Kila Krismasi

"Mwalimu, kwa hiyo Yesu hakuzaliwa Krismasi?"

Aliyeuliza ni Clever, anayekaa dawati la mbele ili asikie vizuri kitu cha kubishia. Darasa zima la kidato cha kwanza lilikuwa limeduwaa, nami nilifurahi, maana nilitaka waduwae. Ilikuwa karibu na kufunga shule, hapa Musoma. Nilikuwa nimewaambia kwamba Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu, kwamba kanisa la Roma ndilo lililoanza kuiadhimisha Desemba ishirini na tano, karne kadhaa baadaye. Mti wa Krismasi ulitoka kwa Wajerumani. Na yule mzee wa ndevu nyeupe chanzo chake ni askofu Nikolao, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Uturuki.

"Baba Krismasi ni Mturuki?" Clever akashika kichwa.

"Ndiyo maana kwetu Kigera hajawahi kufika," akasema Nyangi kutoka nyuma. "Hajui njia."

Walipomaliza kucheka nikawapa kazi. Kila desturi ilianzishwa na mtu, kwa sababu fulani. Waende nyumbani wakaulize: Krismasi kwenu mnafanya nini ambacho jirani hafanyi, nani alianza, na kwa nini?

"Na wewe mwalimu utaleta?"

"Jumanne. Nisipoleta, nitafagia darasa hili mwenyewe, na wewe Clever utanisimamia."

Yangu niliijua tayari. Tangu nikiwa na miaka kumi, kila asubuhi ya Krismasi mama yangu, Susana, alikuwa akinipa mguu wa nyuma wa mbuzi niupeleke Guta, kule Bunda, kwa mzee mmoja mkulima aitwaye Bernado. Hakuwa ndugu yetu. Nilidhani ni sadaka, na iliniudhi: mtu ana shamba, ana nguvu, anangoja nyama ya mjane! Nilikuwa nikiuweka mlangoni na kusema, "Mzigo wako, mzee." Yeye alivuta kiti, akaniuliza masomo, na nilipoanza kutunga mashairi akataka nimsomee. "Rudia hilo la mwisho," alikuwa akisema. Nilirudia haraka haraka, jicho liko barabarani.

Mashairi yangu yote niliyafunga kwa jina la baba yangu, Machage, ambaye niliambiwa alizama ziwani nikiwa tumboni. Sikufundishwa na mtu kutunga. Nilijifundisha kwa ajili yake, ili jina lake lisizame pamoja naye. Aliyelichezea jina hilo tuligombana.

Ijumaa jioni nilimkuta mama anapepeta mchele.

"Mama, huu mguu wa Guta nani aliuanzisha?"

Ungo ukasimama. "Kwani umeambiwa nini?"

"Sijaambiwa kitu. Ni kazi ya darasani."

"Basi waambie ni ukarimu tu."

"Mama, mimi ndiye mwalimu wao. Nitawadanganyaje?"

Akauweka ungo chini. "Kamuulize bibi yako Butiama. Mimi nilikatazwa kusema."

Bibi Nyamburi, niliyemjua kama mama wa baba yangu, alikuwa anamenya mihogo nilipofika Jumamosi. "Mume wangu umekuja mikono mitupu?" akanitania, kama kawaida yake. Nikamwuliza moja kwa moja, na yeye hakuacha kumenya.

"Niliuanzisha mimi."

"Kwa nini?"

"Ili Bernado asikudai."

"Anidai nini?"

"Akudai wewe." Akachukua muhogo mwingine. "Susana nilimuoa mimi, Edwin. Kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Sikuwa na mtoto wa kiume, na nyumba yangu ilikuwa inakufa."

Nyumba ntobhu. Jina hilo nalijua: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Ningeweza kulifundisha vipindi viwili bila daftari. Ila nilidhani ni mambo ya wazee wa zamani, ya milima ya mbali huko. Nikakaa chini pale kwenye maganda.

"Na Machage?"

"Machage alikuwaga mume wangu mimi. Alikufa kwa homa Susana bado yuko mgongoni kwa mama yake. Wewe umepewa jina lake, na jina ni lako, halina ubishi."

"Mmeniambia alizama!"

"Ulikuwa unauliza sana. Watoto wa mjini mnauliza sana."

"Na Bernado ni..."

"Nilimchagua mimi. Alikuwa na akili, na hakuwa mlevi. Tukapatana mbele ya wazee: kila Krismasi anapata mguu wa mbuzi, na hata siku moja asikuite mwanangu. Akikuita, nyama inakoma, na wewe huendi tena kule." Sasa ndipo akaniangalia. "Hajawahi kuvunja. Huyo ni mwanaume."

Nilimfokea. Nilimwambia bibi yangu maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyasikiliza yote, kisha akaniuliza kama nitakula mihogo.

Jumanne nilisimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Waliosoma kabla yangu walichekesha. Kwao Nyangi hawali samaki Krismasi kwa sababu babu yake alikabwa na mwiba kwenye karamu ya kanisani. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na majibu mawili kichwani, la ukarimu na la kweli. La ukarimu lingeniachia Machage wangu wa ziwani. Nikasema la kweli, lote, nikiangalia ukuta.

Hakuna aliyecheka. Clever akanyoosha mkono, taratibu, si kama kawaida yake.

"Mwalimu, huyo mzee alikuwa anajua wewe ni mwanawe, kila ulipompelekea nyama?"

"Alikuwa anajua."

"Miaka yote hiyo? Na wewe unamwambia mzigo wako?"

Habari ya Butiama ilinikalisha chini. Swali hili lilinitoa darasani. Nilijiona nimesimama mlangoni Guta, Krismasi baada ya Krismasi, nikimharakisha mtu ambaye alikuwa na siku moja tu kwa mwaka. Nikatoka hadi nyuma ya maktaba, nikampigia Bernado simu.

"Shikamoo. Ni Edwin."

"Marahaba. Kuna nini? Mama yako mzima?"

"Mzima. Nilikuwa Butiama, kwa bibi. Ameniambia."

Nilisikia jembe likiwekwa chini.

"Ameniruhusu kukuita?" akauliza.

"Hapana. Hilo hakusema."

"Basi mimi siwezi. Niliapa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini wewe hukuapa."

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nilisimama na simu sikioni nikitafuta moja tu.

"Niko hapa," akasema. "Chukua muda wako."

"Baba," nikasema.

Nikamsikia analia.