Kikaango Kisichoguswa na Sabuni

Kwa akina Haugen, ukikataa maziwa umekataa ukoo. Babu wa babu yao alifuga ng'ombe kwenye kilima kile kile, waliomfuata wote wakafuga, na sebuleni mpaka leo picha ya ng'ombe aliyeshinda maonyesho ya Wisconsin imetundikwa juu ya picha ya harusi. Basi hebu fikiria uso wa Ardis Haugen siku ile mkwewe, Brenna, alipoingia kutoka kliniki na mtoto begani, akasema daktari amejua kinachomsumbua Signe. Ni maziwa ya ng'ombe.

"Maziwa yapi?" Ardis akauliza, kana kwamba ya jirani ndiyo mabaya na ya kwao yamesalimika.

"Yote, Mama. Maziwa, jibini, siagi, malai. Na mimi nisiyaguse, maana bado ananyonya. Nikila mimi, yanampitia yeye."

Verlyn, mume wa Ardis, alikuwa mlangoni anavua buti za zizini. Akamtazama mjukuu wake kwa masikitiko makubwa. "Mchumba wangu," akamwambia, "umezaliwa zizini halafu zizi limekukataa. Sasa mimi mahari nitakutolea nini?"

Signe alikuwa na mwaka mmoja na ushei, na maneno ya babu yake humchekesha hata asipoyaelewa. Akacheka. Lakini mashavu yake yalikuwa yamejaa upele mpaka shingoni, nepi zake zilikuwa zikitoka na michirizi ya damu, na mzani wa kliniki ulikuwa umekwama pale pale tangu kiangazi. Hapo hapakuwa na utani, na wote walijua.

Ardis ndiye aliyekuwa akikaa naye. Kurt, mwanawe wa pekee, alioa akiwa na mvi mbili tatu, na Ardis alikuwa amengoja mjukuu mpaka akaacha kungoja. Brenna, mkewe Kurt, alifundisha shule iliyo ng'ambo ya barabara. Asubuhi anamwacha mtoto jikoni kwa bibi yake, mchana anavuka kuja kumnyonyesha na kula, kisha anarudi kwa wanafunzi wake. Ardis aliishi kwa ajili ya saa zile. Na alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba siku moja atatokea mtu aseme mtoto huyu angelelewa vizuri zaidi kwingine. Mjini palikuwa na kituo cha watoto chenye ukuta wa rangi saba na walezi wenye vyeti, na rafiki mmoja wa Brenna alikuwa hachoki kukisifia.

Kwa hiyo Ardis alitii. Msimseme vibaya, alitii kuliko askari. Alitoa jokofuni jibini za kila umri akazigawa kwa majirani, na nyingine alizitoa huku akizibusu. Dukani alivaa miwani akasoma vibandiko vya mikate mpaka watu waliomfuata kwenye foleni wakahamia foleni nyingine. Alinunua hata maziwa ya shayiri, akayaficha chini ya viazi ili mke wa mchungaji asiyaone.

Verlyn aliyaona. Alilizungusha lile boksi mkononi muda mrefu. "Mama Kurt, hii shayiri inakamuliwa asubuhi au jioni?"

"Kaa kimya, mzee."

"Nauliza tu. Nimekamua tangu utoto wangu, na sijawahi kupigwa teke na shayiri. Huenda nilichagua kazi mbaya."

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemweleza Brenna namna ya kuziba pengo, maana mama anayenyonyesha na mtoto anayekua hawawezi kuishi kwa kuepuka tu. Alisema wale mayai, maharage, sukuma, nyama, samaki wa kopo na mifupa yake laini, na maziwa ya shayiri yaliyoongezwa madini ya chokaa. Ardis akayapika yote. Aliyapika kwenye kikaango chake cheusi cha chuma, alichopewa na mama yake Verlyn siku ya harusi pamoja na maagizo mawili: usikiache na maji, na sabuni isikiguse. Siku ile alipewa pia maagizo mengine kanisani, ila haya ya kikaango ndiyo aliyoyashika bila kuteleza hata mara moja.

Upele haukuondoka. Ulipungua kidogo sikukuu za Krismasi walipokwenda kwa wazazi wa Brenna, shule ilipofunguliwa ukarudi na ndugu zake. Kurt akasema mtoto ana mzio wa shule, kama baba yake. Brenna hakucheka. Alikuwa ameanza kujitafuta makosa. Akaacha mayai, labda ni mayai. Akaacha maharage. Akaacha ngano, na mkate ukaenda nayo. Alipofika katikati ya Januari alikuwa anakula wali, nyama ya bata mzinga na mapeasi, na nyama yenyewe anaihesabu vipande kama anaiba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Pete ya ndoa aliivua kwa sababu ilikuwa ikimdondoka darasani, na watoto wa darasa la pili wanamwokotea.

Mchana mmoja wa baridi kali walikuwa mezani, Signe ananyonya, mama yake amefumba macho juu ya sahani. Verlyn alimwangalia kwa jicho lile analoingia nalo zizini alfajiri.

"Brenna, mwanangu, usinielewe vibaya."

"Unataka kunifananisha na ng'ombe, Baba."

"Nakusifu. Mimi ng'ombe wangu nawaheshimu." Akasogeza kiti. "Ng'ombe anakamuliwa kutoka mdomoni, kwa kile anachokula. Akikosa chokaa kwenye chakula, hapunguzi kwenye maziwa, anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka siku anaanguka na hainuki. Ningekuwa na mmoja mwenye mbavu kama zako, ningeshampigia daktari simu. Na wewe tunakukamua hapa mbele yetu, tunakupa mapeasi."

Brenna akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio bila kusimama njiani. "Nimeacha kila kitu," akasema. "Sina tena cha kuacha. Ijumaa nikienda kliniki nitamwachisha ziwa. Wana maziwa ya dawa ya kopo. Labda maziwa yangu ndiyo mabaya, Mama. Labda ni mimi."

Ardis alikuwa amesimama jikoni, amewapa mgongo, anatayarisha kikaango kwa vipande vya bata mzinga. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kitambaa. Kitambaa kilikuwa ndani ya kibakuli cha siagi.

Kibakuli kile kilikaa nyuma ya chumvi tangu yeye bi harusi. Siagi ya kula alikuwa ameiondoa nyumbani mpaka chembe ya mwisho, na angeweza kuapa mbele ya jaji. Hii haikuwa ya kula. Hii ilikuwa ya kikaango. Unachovya kitambaa kidogo, unakipaka chuma, unakipangusa, kinang'aa. Mtu akipaka mafuta bawaba za mlango hasemi amepika mlango. Ndivyo alivyoiona miaka yote, yaani hakuiona kabisa, na wote waliopita jikoni mle hawakuiona, kwa kuizoea.

Sasa aliiona. Akakitoa kitambaa kibakulini.

Na papo hapo shetani, ambaye huko Wisconsin hupenda majiko yenye joto, akamletea njia nyepesi. Nyamaza. Kibakuli kitupe leo, kesho upake mafuta ya alizeti. Mtoto atapona, watasema mapishi ya bibi yamemponya, na hakuna atakayempeleka mjukuu wako kwenye ukuta wa rangi saba. Ilikuwa njia nzuri sana. Ila kwa nyuma yake alimsikia Brenna akipenga kamasi na kumwambia mtoto pole, pole mwanangu, ni maziwa ya mama. Na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Akageuka na kibakuli mkononi.

"Si wewe," akasema. "Ni mimi."

Brenna alikitazama kibakuli. "Hiyo ni nini?"

"Siagi."

"Mama, nilikuuliza. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Uliniuliza ya kula. Hii ni ya kikaango tu." Alipolisikia lile neno 'tu' hewani alitamani kulimeza. "Nakipaka kila siku. Hata leo. Hata nikikaanga nyama yako."

 Brenna hakupiga kelele. Alimvisha Signe koti, kofia, soksi za mikono, moja moja, polepole. Mlangoni akasema, "Nimejinyima mayai, Mama. Nilikuwa naota mayai." Akatoka na mtoto kwenye theluji.

Asubuhi iliyofuata mtoto hakuletwa. Ardis alikaa jikoni akisikiliza kengele ya shule ng'ambo ya barabara. Kisha akainuka, akajaza sinki maji ya moto, akamimina sabuni bila kupima, akachukua waya wa kusugulia.

Verlyn aliingia akamkuta ameloa mpaka viwikoni, maji ya sinki meusi. Akavua kofia kama yuko msibani.

"Mama yangu anageuka kaburini."

"Ageuke. Akimaliza kugeuka aje anisaidie, pembeni hapa hapatoki."

Verlyn akaitundika kofia. Halafu akakunja mikono ya shati, akachukua upande wa pili. Walisugua mpaka weusi wa mafuta ya miaka yote, uliozuia chakula kisigande, ukaondoka, kikabaki chuma kitupu cha kijivu, kimechakaa, kama kondoo aliyenyolewa. Wakakikausha motoni kisipate kutu, wakakipaka mafuta ya alizeti, na Ardis akakitundika mahali pake. Kisha akalia, na mumewe akamwacha alie bila kumtania.

Ijumaa mchana buti zikapiga kizingitini. Brenna aliingia na Signe kiunoni na chupa ya mafuta mkononi, akaiweka mezani, akaona nyingine kama hiyo imekaa nyuma ya chumvi. Akakiona na kikaango. Alikitazama muda, maana hadithi ya kikaango kile alikuwa amesimuliwa kabla hata hajachumbiwa vizuri.

"Umekiosha kwa sabuni?"

"Mara tatu," akadakia Verlyn. "Niko hai kushuhudia."

"Daktari amesema nisimwachishe," Brenna akasema. "Amesema tuanze upya, na nile. Nile kila kitu isipokuwa hayo mambo yenu ya zizini." Akavuta kiti, akakaa kwa uzito. "Bado nina hasira na wewe, Mama. Lakini nina njaa zaidi."

Ardis hakungoja aambiwe mara mbili. Akamimina mafuta, akavunja mayai mawili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mayai ya Ardis Haugen yakaganda. Yaligandia chuma kila upande. Aliyakwangua kwa kijiko, yakatoka vipande vipande, ya aibu tupu, na hivyo hivyo akayaweka mezani.

Brenna alimpa Signe kipande, mtoto akakitafuna akiwa makini kama jaji wa maonyesho. Mama yake akala kilichobaki, akipumua kwa pua tu.

"Yana ladha ya chuma," akasema.

"Chuma nacho ni madini," Verlyn akajibu. "Ng'ombe wangu nawawekea hata jiwe la kulamba."

Brenna akaisukuma sahani tupu mpaka ikamgusa mama mkwe wake mkono.

"Ongeza, Mama," akasema. "Na Jumatatu uniwekee mengine. Nitamleta saa ile ile."

Ardis akageukia jiko haraka wasimwone uso. Alivunja mayai matano.